Halina

Siku ya kwanza karani wa maabara alimuuliza jina.
Akasema: Halina.
Karani akangoja, kalamu hewani.
Jina halina nini, mama?
Sitini na tatu hiyo, mimi bado mtoto,
ila kila aliyenisimulia alicheka palepale,
na yeye, walisema, akishafafanuliwa,
alicheka kuwapita wote.

Mimi nilikuja baadaye, kuosha vioo vya darubini:
Nyanzala binti Lugwisha, wa Kayenze.
Tulichota konokono kwenye matete ya Igombe,
wadogo kama kucha ya mtoto,
tukawaweka juani ndani ya bilauri
mpaka wateme vidudu vya kichocho,
naye ainame, ahesabu.
Alihesabu kwa lugha ya kwao, midomo tu.
Filimbi ya garimoshi la Tabora ikilia stesheni
mkono wake husimama.
Husahau alipofika.
Huanza upya: moja.

Sikuuliza. Aliyeuliza ni Shilinde, miaka sita,
aliyeletwa na mkojo wa damu kwenye chupa ya soda.
Aliona tarakimu tano mkononi mwa daktari, buluu iliyochakaa,
akauliza kwa Kisukuma, mchunga kwa mchunga:
Nani alikutia alama? Ulikuwa wa zizi la nani?
Niliogopa kutafsiri. Nikatafsiri.
Akavuta kiti, akakaa usawa wa macho yake.
Walikuwa watu waliojiona wana zizi, alisema.
Walimchukua mama, na Ruzia mdogo wangu, na mtaa mzima,
kwa garimoshi. Mimi nilitoka.
Shilinde akafikiri.
Na wale wengine?

Siku hiyo bilauri zilibaki juani hadi magharibi.

Dawa zilikuwepo, usidhani. Zilikuwa Dar es Salaam,
ghalani, zikisubiri sahihi.
Barua kumi na tisa nilizipeleka posta mimi.
Ya ishirini aliiandika kwenye shuka, kwa rangi ya milango:
majina ya watoto wa Kayenze, wa Igombe, wa Bwiru,
akakaa nayo mbele ya ofisi ya mkoa
na sisi wanawake kumi na wawili nyuma yake,
wengine tunatetemeka.
Afisa akatoka. Daktari, tupe takwimu, tutazishughulikia.
Takwimu mnazo, alisema. Haya ni majina. Soma.

Alilala rumande usiku ule.
Aliomba kitu kimoja, mlango usitiwe ufunguo,
na koplo, Mhaya mmoja mnene, Mungu amrehemu,
alikaa kizingitini kulinda mlango uliokuwa wazi,
wakacheza bao mpaka kunakucha.
Dawa zilikuja Septemba. Nusu.

Kisha tisini na nne Kagera ukatuletea watu.
Mwaloni, sangara walioza kwenye meza;
nani angenunua, nani angekula?
Yeye alikuwa keshastaafu, magoti yamekataa.
Akapanda meli ya Bukoba na daftari la konokono.
Wiki tatu. Aliporudi hakuvua viatu,
alilala navyo juu ya mkeka wangu.

Daftari ninalo mimi. Lina safu zile zile za zamani:
mahali, tarehe, maelezo, idadi.
Maelezo: fulana ya mistari, kifungo kimoja.
Mwanamke, bangili ya shaba, kucha zimepakwa hina.
Mtoto, kiatu cha kushoto, kamba imefungwa vizuri,
kuna mtu aliifunga.
Kurasa arobaini na moja. Mwandiko haukimbii.

Safu ya idadi ni tupu.
Vijana wa maabara wakadhani alizeeka, akasahau;
walitaka kumjazia.
Nikakalia daftari, mimi muosha vioo,
nikakataa kunyanyuka.